Cheche Imewahi

Mwinshehe alileta Patroli yake Jumatatu,
ya petroli, silinda sita, rangi ya udongo wa Kisarawe
hata ukiiosha.
"Barabara ya tambarare imetulia," akaanza.
"Ikibeba mzigo, ikipanda Pugu, inalia
kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo, halafu..."
Mafuta hayo, nikamkata. Badilisha kituo.

Jumatano akarudi. Kituo kingine, kopo lile lile.
Nikafungua plagi: nyeupe midomoni,
zina vipunje kama chumvi iliyomwagika.
Plagi haijui kusema uongo,
lakini mimi nilishasema mafuta.
Nikapiga msasa platini, nikapima uwazi wake,
nikanyonya mpira wa vakyumu kuona kama umetoboka,
ladha ya vumbi na ya mwaka themanini na mbili.
Mzima.
Nikawasha taa ya taimingi. Alama ya puli
ikasimama mbele ya sindano, imenyooka,
kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.
"Ipo sawa," nikasema. "Mimi sisikii chochote."

Siwema alikuwa anaosha kabureta kwenye beseni.
Miezi saba yupo kwangu. Hakuinua kichwa.
"Fundi, mimi naisikia."

Gerezani ikaendelea na kelele zake.
Nikageuka, na hatua mbili nyuma yangu
muuza kahawa amesimama,
vikombe vinacheza mkononi mwake, vinagongana,
na mimi nasikia grenda la jirani tu.

Tangu lini?

Nikamtuma Siwema kwa muuza mishikaki, aombe kijiti.
Tukatoa plagi ya kwanza, tukakitumbukiza,
tukazungusha injini kwa spana, taratibu,
kijiti kikapanda, kikapanda, kikasita.
Hapo ndipo juu. Pistoni haina tena pa kwenda.
Tukatazama puli:
alama ilishapita zamani, upana wa kidole.
Mpira wa ndani ya puli umechoka, umeteleza,
umeteleza na alama yake,
na kila fundi aliyeiamini
ameiwashia gari hii moto kabla ya saa.

Cheche lazima iwahi kidogo. Nilifundishwa, nafundisha:
moto nao una safari yake.
Ila kuna kuwahi, na kuna kuwahi.
Mwinshehe hakuwa amemaliza sentensi.

Alhamisi, mifuko kumi ya saruji nyuma,
mimi kwenye usukani, Siwema dirishani.
Tukaiacha Gongo la Mboto, gia ya tatu, mlima, nikakanyaga.
"Inalia."
Nikaegesha, nikalegeza boliti,
nikaisogeza distribyuta kuelekea inakozungukia rota,
upana wa ukucha. Tukashuka, tukapanda.
"Inalia. Ila mwishoni tu."
Upana wa uzi.
"Bado, fundi. Kidogo sana."
Nusu ya uzi, kama uzi una nusu.
Mara ya nne hakusema kitu.
Nikawa natazama mdomo wake badala ya barabara,
maana ndiyo taa yangu ya taimingi sasa.
"Imenyamaza," akasema.
Kwangu ilikuwa kimya toka mwanzo.

Nikakaza. Nikachonga alama mpya kwa patasi,
Siwema akatoa mfukoni rangi yake ya kucha, nyekundu,
akaijaza bila kumwaga.

Mwinshehe alitaka risiti.
Nikaandika: Taimingi, elfu ishirini na tano.
Chini yake nikaandika: Kusikiliza,
nikabaki na kalamu hewani,
nikamuuliza Siwema hiyo ni shilingi ngapi.
Alidhani natania.
Akataja bei, kwa sauti ndogo.

Nikamwambia, rudia.